Njia ya Basi Brussels: Rangi Ipo, Mwenyewe Nani?



Leo naomba tuweke kando Katiba mpya, Muungano na orodha za mafisadi, tuzungumzie basi. Najua wapo watakaosema mada yenyewe ndogo, ya kujazia muda. Mimi naiona kubwa. Ukitaka kujua mji unatawaliwa na nani, usihangaike na ikulu wala bunge. Nenda kasimame kituo cha basi saa kumi na moja na nusu alfajiri, uangalie nani anasubiri. Halafu rudi saa mbili asubuhi, uangalie nani anapita akiwa peke yake ndani ya gari.

Hapa Brussels alfajiri basi ni letu. Humo utawakuta akina mama wa Kikongo wanaokwenda kusafisha maofisi ya mtaa wa Umoja wa Ulaya kabla waheshimiwa hawajaamka, Warundi na Wanyarwanda wanaohudumia nyumba za wazee, Wamoroko wa maghalani, na dada zetu wanaofanya kazi za ndani kwa ule mfumo wa vocha ulioanza mwaka 2004, ambao kwa siku moja wanaweza kusafisha nyumba mbili au tatu, kila moja katika manispaa yake. Wanasiasa wa huku wakiongelea basi wanaongelea hewa chafu na tabianchi. Sawa, hoja nzuri. Lakini watu ninaowataja hapa wanapanda basi kwa sababu ndilo walilo nalo, na kila dakika linayochelewa inakatwa mahali fulani: kwenye usingizi, kwenye muda wa kumpeleka mtoto shule, au kwenye mkataba wa kazi.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu. Asubuhi moja ya baridi nilikuwa ndani ya basi, tumesongamana, tukaingia kwenye njia maalum ya mabasi. Mbele yetu ilikuwa wazi kabisa isipokuwa kitu kimoja: gari dogo la mizigo limepaki katikati, taa za hatari zinawakawaka, dereva hayumo. Kulia ukingo wa barabara, kushoto foleni isiyotaka kumpisha mtu. Dereva wa basi akapiga honi, akapiga tena, mwishowe akakunja mikono. Pembeni yangu mama mmoja akatoa simu, akaanza kumweleza bosi wake kwa Kifaransa cha upole mno kwamba yuko njiani, kwamba ni basi. Bosi hakusema maneno mengi. Mama akarudisha simu kwenye mkoba akawa anatazama dirishani. Baada ya kama dakika saba yule mwenye gari akatoka dukani alikokuwa akishusha mizigo, akatuinulia mkono wa pole, na huku akikimbilia usukani akamwambia mwenye duka kwa Kiswahili cha Kivu: "Dakika mbili tu, tayari banapiga makelele!"

Yaani mtu wetu kamchelewesha mtu wetu, kwenye njia iliyochorwa kwa ajili yetu, halafu sote tukamlaumu dereva.

Wengi tunadhani gari moja likizuia basi dakika saba hasara ni dakika saba, basi. Mabasi hayaendi hivyo. Chukua njia ambayo basi likienda na kurudi linatumia dakika 60, na abiria wameahidiwa basi kila baada ya dakika 6. Hapo unahitaji mabasi 10 na madereva 10. Foleni ikirefusha mzunguko hadi dakika 72, unahitaji mabasi 12 ili kutoa huduma ile ile. Mabasi mawili na madereva wawili wameajiriwa kwenda kukaa kwenye foleni, na mwananchi hajaongezewa kitu. Usipoyaongeza, basi la kila dakika 6 linakuwa la kila dakika 7 na sehemu. Tena hiyo ni kwenye karatasi. Barabarani mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu basi lililochelewa linakuta watu wengi zaidi kituoni, linatumia muda mrefu kuwapakia, linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta vituo vitupu, linakimbia, linalifikia. Ndiyo maana unasubiri robo saa nzima halafu yanakuja mawili yameongozana kama msafara wa harusi, la mbele limefurika, la nyuma lina watu wanne.

Kwa hiyo anayepigania mita 300 za njia ya basi mahali penye foleni anapigania mabasi ya ziada yasiyonunuliwa. Hakuna njia ya bei rahisi kuliko hiyo ya kuboresha usafiri wa mji. Ndoo za rangi, alama za barabarani, taa zinazolitambua basi likikaribia. Sasa kwa nini inashindikana katika mji tajiri kama huu?

Tusidanganyane kwamba Brussels haina fedha za usafiri au haijali. Shirika la usafiri la hapa, STIB kwa Kifaransa na MIVB kwa Kiholanzi, lilianzishwa mwaka 1954, na mwaka 2019 lilihudumia safari zaidi ya milioni 400, zaidi ya mara mbili ya zile za mwaka 2000. Mabasi ya usiku wa Ijumaa na Jumamosi yalianza 2007. Ipo pia tiketi moja inayokubalika kwenye mashirika yote manne yanayohudumia mji, maana humu ndani yanaingia pia mabasi ya Waflemi ya De Lijn, ya Wawaloni ya TEC, na treni za taifa. Julai 2021 vijana wa miaka 12 hadi 24 wakashushiwa tiketi ya mwaka mzima hadi yuro 12. Kuna mpango mkuu wa mabasi wa mwishoni mwa miaka ya 2010 ulioahidi kuongeza huduma kwa takriban asilimia 30. Wenzetu walioko Dar au Kinshasa wakisoma hivi watasema tunadeka. Lakini pamoja na yote hayo, basi la Brussels ukilipigia wastani wa vituo, taa na foleni halifiki kilomita 20 kwa saa, na kijana mwenye baiskeli analipita huku anapiga mluzi.

Sheria nayo iko upande wa basi. Sheria ya barabarani ya Ubelgiji inasema ndani ya mji, basi likiwasha indiketa kutoka kituoni, mwenye gari lazima alipishe. Wangapi kati yetu tuliopata leseni hapa tunakumbuka hiyo? Tramu ina kipaumbele juu ya wote. Njia za mabasi zenyewe ziko za aina mbili, moja yenye mstari wa vipande vipande na nyingine yenye mistari mipana isiyokatika, na kanuni za nani mwingine anaruhusiwa kuingia hazifanani. Dereva wa kawaida hajui tofauti, na akijua anajifanya hajui.

Hapa ndipo penye kitendawili chenyewe: mwenye ile barabara ni nani?

Kwa wasioufahamu mji huu, "Brussels" ni Jimbo zima lenye bunge na serikali yake tangu 1989, na ndani ya Jimbo hilo kuna manispaa 19, kila moja ina meya wake, baraza lake, na wivu wake. Lote halifiki kilomita za mraba 165, wakazi kama milioni moja na laki mbili na ushee. Barabara kubwa ni za Jimbo, zilizobaki ni za manispaa. Sheria ya alama na mistari ni ya serikali ya shirikisho. Ukitaka kubadilisha barabara kwa maana halisi unahitaji kibali cha ujenzi, na kabla ya kibali wakazi wanaalikwa kutoa maoni yao. Polisi wa kumwandikia faini aliyepaki kwenye njia ya basi hayuko chini ya shirika la mabasi wala serikali ya Jimbo. Yuko katika moja ya kanda sita za polisi zinazosimamiwa na mameya. Serikali ya shirikisho iliyoundwa Februari 2025 ilikubaliana kuziunganisha ziwe moja, na mameya wengi wakaja juu. Basi moja kwa safari moja linaweza kuvuka manispaa tatu au nne, kila moja ikiwa na mawazo yake kuhusu nani apishwe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulikuwa 2020, wakati wa korona. Manispaa inayoitwa Jiji la Brussels ilifunga barabara za ndani ya msitu wa Bois de la Cambre watu wapate pa kutembea. Jirani yao Uccle wakaona magari yote yaliyokuwa yakipita msituni yamehamia kwao. Wakaenda mahakamani. Manispaa mbili za mji mmoja, zinazopakana, zinashitakiana juu ya magari yapite wapi! Hebu fikiria Kinondoni inaishitaki Ilala kwa sababu ya Barabara ya Morogoro.

Na kwetu Waafrika upo mfano wa karibu zaidi, ingawa hauhusu basi moja kwa moja. Wote mnaijua Matonge, pale Porte de Namur, ulioitwa kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Kwa miaka mingi wanaharakati waliomba manispaa ya Ixelles iweke jina la Patrice Lumumba mahali fulani mtaani hapo. Ixelles wakakataa. Mwishowe, Juni 30, 2018, uwanja wa Lumumba ulizinduliwa, lakini upande wa Jiji la Brussels, hatua chache kutoka mpaka wa Ixelles. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ni utani. Si utani. Mpaka unapita pale pale tunaponunulia sombe na samaki wa chumvi, na upande mmoja wa mpaka jambo linawezekana, upande wa pili haliwezekani.

Sasa kutoka hapo Porte de Namur teremka na Chaussée d'Ixelles. Ndiko inakopita basi namba 71, inayotoka katikati ya mji kupitia Matonge na Place Flagey, chuo kikuu cha ULB, hadi Delta. Ni moja ya njia zinazojaa kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ya Jimbo ilikuwa na mpango wa kuigeuza tramu. Wafanyabiashara wakapinga, manispaa nayo ikapinga, watu wakaogopa miaka ya mashimo mbele ya maduka, mpango ukafa. Badala yake sehemu ya juu ya barabara ile ikafungwa kwa magari binafsi nyakati za mchana, yakaachiwa mabasi, baiskeli na wachache wengine. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mzuri, tena wa bei nafuu. Lakini simama pale saa nne asubuhi uone. Hawa wanashusha mizigo, yule anamsubiri mkewe saluni, mwingine "dakika mbili tu". Kufunga barabara kwa kibao ni jambo moja, kuifunga kwa kweli ni jambo lingine, na hilo la pili linamhitaji mtu anayelipwa kusimama pale kila siku, mwaka mzima, hata baada ya mheshimiwa aliyekata utepe kwenda zake.

Wapo watakaonijibu kwamba wenye maduka nao ni wetu na wanahitaji kula. Kweli kabisa. Mwenye duka la vyakula pale hana ghala la nyuma wala kijana wa kubeba kutoka mbali. Mzigo unatoka Antwerp au Paris, unafika wakati unaofika. Ukimwambia ashushe kabla ya saa moja asubuhi wakati duka lake linafunguliwa saa nne, umemwambia alale dukani. Sijawahi kukubaliana na wale wanaoliita tatizo hili utovu wa nidhamu wa "watu fulani". Wanaosema hivyo hawapaki kwenye njia ya basi kwa sababu mwajiri wao kawapa gari na karakana ya kulilaza. Ndiyo, hilo nalo tulitaje: sheria ya kodi ya Ubelgiji kwa miaka mingi imempunguzia mwajiri mzigo akimlipa mfanyakazi kwa gari badala ya mshahara kamili. Asubuhi zaidi ya watu laki tatu wanaingia Brussels kutoka nje kufanya kazi, wengi kwa treni, lakini wengi mno kwa magari hayo, kisha jioni wanarudi kwenye bustani zao. Anayekaa kwenye foleni akiwa ndani ya gari la kampuni, mafuta ya kampuni, na anayekaa kwenye foleni hiyo hiyo akiwa amesimama ndani ya basi kwa tiketi yake mwenyewe, wako foleni moja lakini gharama wanalipa tofauti. Na njia ya basi ikitaka kuchorwa, anayesikika zaidi ni yule wa kwanza.

Jawabu la wenye maduka lipo na si sayansi ya roketi: sehemu za kushushia mizigo kwenye kona za mitaa ya pembeni, zilizochorwa na kulindwa kama njia ya basi yenyewe. Nafasi hiyo itatoka kwa magari yanayolala barabarani siku nzima. Hapo ndipo baraza la manispaa linapoingiwa na baridi, kwa sababu kila nafasi ya kupaki ina mpiga kura wake.

Na baraza linaogopa kwa sababu lilishaona. Mpango wa usafiri wa Jimbo unaoitwa Good Move ulipitishwa Machi 2020, na lengo lake moja lilikuwa kuondoa magari yanayokatiza katika mitaa ya makazi. Spidi ya kilomita 30 kwa saa katika barabara nyingi za mji ilianza Januari 1, 2021. Agosti 2022 ikabadilishwa mizunguko ya magari katikati ya mji. Ilipofika zamu ya Cureghem kule Anderlecht na baadhi ya mitaa ya Schaerbeek, vuli ya 2022, moto ukawaka. Watu wakaandamana, vizuizi vikang'olewa, vikao vya mabaraza vikavurugika. Waliokuwa mbele wengi wao walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, wenye maduka, mafundi, madereva. Walisema hawakuulizwa. Nadhani hapo walikuwa na haki, kwa sababu mpango uliandikwa kwa lugha ya wataalamu na kuelezwa kwa watu ambao tayari walikuwa wanaukubali. Anderlecht ikarudi nyuma. Schaerbeek ikasimamisha.

Mimi nilijifunza mawili pale. La kwanza, ile hadithi kwamba sauti ya mhamiaji haisikiki Ubelgiji ni uongo. Ilisikika vizuri sana, ndani ya wiki chache. La pili, waliosikika ni wale wenye magari. Sikumwona yule mama wa kwenye basi katika maandamano yale, wala hakuna aliyemwakilisha. Saa ya maandamano alikuwa kazini. Magari yale yale yanayokatiza mtaani ndiyo yanayoziba njia yake ya basi, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Upande wa fedha nako kuna usanii wake. Jimbo limejitosa kuchimba njia ya tatu ya metro chini ya mji, gharama zimepanda hadi kuvuka yuro bilioni 4, kazi imekwama karibu na Palais du Midi, na wafanyabiashara wa Avenue de Stalingrad wameishi na uzio wa ujenzi mbele ya milango yao kwa miaka. Metro ina faida kwa mwanasiasa: haimnyang'anyi mwenye gari hata sentimita moja. Unachimba chini, juu kila mtu anabaki na nafasi yake. Njia ya basi ina gharama ndogo ya fedha na gharama kubwa ya ujasiri. Halafu baada ya uchaguzi wa Juni 9, 2024, Jimbo likakaa zaidi ya mwaka mzima bila kuunda serikali mpya, likiendeshwa na mawaziri wa muda wasioweza kuanzisha jambo kubwa. Sisi tukichelewesha matokeo wiki moja wanatutumia waangalizi!

Wale wa Bongo mtaniuliza, mbona Dar iliweza? Kila tukikutana huku hatuachi kuubishania mwendokasi. Mimi nausifu, na siufichi ubovu wake. Wakala wa DART ulianzishwa 2007, huduma ikaanza Mei 2016, Januari 2017 Rais Magufuli akauzindua rasmi, na mwaka 2018 Dar ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Kilomita 21 za zege kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, katikati ya barabara, zimezuiwa kwa kingo za zege, vituo vyenye jukwaa. Brussels haina kitu cha namna hiyo kwa mabasi. Serikali moja, barabara moja, uamuzi mmoja. Ajabu ni kwamba Dar ilipata njia ikakosa mabasi. Yaliyokuwepo yakazeeka, yakafurika, kituo chao cha Jangwani kikajengwa bondeni na mafuriko yakayakuta humo humo. Njia ya Mbagala ilikaa imekamilika, abiria wakiitazama kupitia madirisha ya daladala, hadi Oktoba 2025 mabasi yalipoanza kwenda. Mwezi huo huo, katika vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, vituo vya mwendokasi vikachomwa moto. Mtu akichoma kituo ambacho kesho yake ndicho angepandia, tujiulize alikuwa anakiona ni cha nani.

Nairobi nayo mwaka 2018 ilichora mstari mwekundu kwenye Barabara ya Thika, njia ya mabasi ya kasi, mabasi yenyewe hayakuonekana, na matatu zikaendelea kupita juu ya rangi ile mpaka ikafifia.

Kwa hiyo Dar njia ilitangulia mabasi, Brussels mabasi yametangulia njia. Naona tatizo la Brussels ndilo rahisi zaidi kulitatua, ila ni la kisiasa, na sisi tumo ndani ya siasa hiyo tupende tusipende.

Nakuja kwenye lililonifanya nikae kuandika. Sheria ya Machi 2004 ilimpa mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya haki ya kupiga kura ya manispaa akishakaa Ubelgiji kihalali miaka mitano mfululizo, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa Oktoba 2006. Kura ya Jimbo hana, kura ya shirikisho hana, kugombea haruhusiwi. Anayo ya manispaa tu. Lazima ajiandikishe, asaini tamko la kuheshimu katiba na sheria za Ubelgiji na mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu, na akishajiandikisha anabaki kwenye daftari kwa chaguzi zinazofuata. Wanaofanya hivyo ni wachache mno. Oktoba 2024 imepita. Kila niliyemuuliza miongoni mwa jamaa zangu aliniambia moja kati ya mawili: hakujua, au "mambo ya Wabelgiji hayo, mimi nangoja uraia". Kura pekee tuliyopewa ni ya ngazi ile ile inayosimamia barabara za mitaa, maegesho na polisi wanaopita mbele ya njia ya basi. Halafu tunaiacha, tunakwenda kubishana nani ateuliwe ukuu wa wilaya Kigoma!

Wapo marafiki zangu wanaoniambia nisiwatwishe watu waliochoka mzigo wa kuwafundisha Wabelgiji kuchora barabara. Mama anayeamka saa tisa usiku utampeleka kwenye kikao cha manispaa saa mbili usiku? Swali zuri, na sina jibu la kumridhisha kila mtu. Ninachojua ni kwamba kikao hicho kina watu hata asipokwenda. Na si lazima aende yeye. Tuna vyama vya kila namna mjini hapa, vya mikoa, vya makanisa, vya misikiti, vya kuzika, vya mpira. Mara ya mwisho chama kimoja kati ya hivyo kuandika barua kwa meya kuhusu kitu kisicho kibali cha ukumbi ilikuwa lini?

Uchaguzi unaofuata wa manispaa ni Oktoba 2030, mbali, lakini si lazima kungoja. Katika manispaa za Brussels wakazi, hata wasio raia, wanaweza kupeleka swali rasmi katika baraza wakikusanya saini za kutosha, kwa kawaida 20, za wakazi wa kuanzia miaka 16. Saini ishirini! Ndani ya basi moja la asubuhi unazipata kabla ya kufika kituo cha tatu, mradi wote wawe wa manispaa hiyo. Swali lenyewe liwe fupi: kwenye njia ya basi ya barabara fulani, polisi waliandika faini ngapi mwaka jana, saa ngapi za siku, na sehemu za kushushia mizigo mtaa huo ziko wapi? Wakijibu tutajua. Wakishindwa kujibu tutajua pia.

Niko tayari kuandika rasimu kwa Kifaransa kwa ajili ya Ixelles. Anayeishi Anderlecht, Schaerbeek au Molenbeek na anayejua Kiholanzi vizuri kuliko mimi, ajitokeze. Na yule ndugu wa gari la mizigo, kama anasoma hapa, sahihi yake naihitaji ya kwanza, maana sehemu ya kushushia mizigo tutamwombea yeye.

Nawasilisha.